Kipindi cha Saa Moja

Mwalimu Kiprono alimpa Emily kiti, kisha akaufunga mlango wa ofisi polepole, na kwa namna alivyoufunga Emily akajua ameitwa kwa jambo la aibu.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi. Kule sokoni alikuwa ameacha sare tatu za shule juu ya cherehani, hazijatiwa vifungo, na mwenye sare alikuwa ameshapiga simu mara mbili.

"Mama Tracy, nitakuuliza kitu, usikasirike," mwalimu alisema. "Kwenu nyumbani watoto wanaangalianga nini kwa TV?"

"TV?"

"Winrose wako ameambia wenzake kwamba babake alikufa. Anasema kila jioni anakuja, anasimama mlangoni, hawezi kuingia. Juzi watoto wanne wa Gredi ya Pili wamelia mpaka tukawatoa nje. Jana mzazi mmoja alikuja hapa, anasema mtoto wake ameanza kukojoa kitandani. Sasa, Baba Tracy sisi tunamjua. Ni dereva, yuko njia ya Juba. Mtoto akianza kumuua mzazi kwa mdomo, hiyo si kawaida."

Emily aliiangalia mikono yake. Alisikia watoto wakiimba hesabu za kuzidisha darasa la pili, akaomba kimoyomoyo waendelee kuimba, kwa sababu wakinyamaza ingembidi aseme kitu.

Wesley, mumewe, alikuwa amekufa siku kumi na mbili zilizopita. Lori lilipinduka ng'ambo ya mpaka, likashika moto. Mwili uliletwa ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari, na sasa ulikuwa mochari, ukingoja Jumamosi upelekwe kwao Khwisero kuzikwa. Tracy, kifungua mimba wake, alikuwa na mtihani wa Gredi ya Sita kuanzia Jumatatu. Phineas, kaka mkubwa wa Wesley, mwalimu mkuu msaidizi aliyestaafu na mzee wa kanisa, alikuwa amewakusanya watu wazima wa familia na kusema: mtoto aingie mtihani kichwa kikiwa kimetulia. Mwili wenyewe hauna cha kutazamwa. Yeye na Winrose wataambiwa Jumatano mtihani ukiisha, na wataletwa waone kaburi. Wote waliitikia. Emily naye aliitikia, na hakulazimishwa. Ukweli ni kwamba ndani ya nyumba yake walikuwamo watu wawili ambao kwao Wesley bado alikuwa barabarani, anakunywa chai mahali fulani, atapiga simu akipata mtandao. Emily alipenda kuwa karibu nao.

"Kuna kipindi wanaangalia," alisema hatimaye. "Cha saa moja jioni. Kinaitwa 'Wa Upande Ule'. Ni mambo ya wafu."

"Unaona sasa!" Mwalimu Kiprono alipiga meza kidogo, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Najua nyinyi akina mama mko kazini tangu asubuhi, lakini TV si yaya, Mama Tracy. Lazima mzazi aketi, aone mtoto anakula nini kwa macho."

"Ni kweli, mwalimu."

"Na mumeo akirudi, mwambie apige hata simu moja hapa shuleni aongee na mtoto. Sauti tu itamtuliza."

"Nitamwambia."

Alimpa daftari la wazazi walioitwa atie sahihi. Kwenye safu ya sababu mwalimu alikuwa ameshaandika, kwa kalamu nyekundu: *Uangalizi duni nyumbani*. Emily akalisoma, akaweka jina lake mbele yake, akaomba msamaha, akatoka.

*

Nyumba yao ilikuwa Amalemba, mjini Kakamega, vyumba viwili na sebule, mlango ukitazamana na wa Zeituni. Zeituni alikuwa mwenyeji wa Mumias aliyekuwa akipika sambusa za kuuza. Tangu habari zije, sebule yake ndiyo iliyokuwa matanga. Waliokuja kumfariji Emily walielekezwa kwa Zeituni, wakakaa kwenye mikeka yake, wakalia kwa sauti ya chini, wakaondoka kabla ya saa kumi, watoto wasiwakute. Emily alivuka ua kwenda kulia kwa jirani, kisha akavuka tena kurudi kwake na uso uliooshwa.

Ndani ya nyumba yake alikuwamo Jescah, dada wa Wesley, ambaye watoto waliambiwa amekuja kutibiwa goti. Jescah aliposikia maneno ya mwalimu, aliacha kuchambua mrenda.

"Nilikwambia siku ya kwanza. Hiyo kitu ni mapepo. Mtu macho meupe kama unga, anatembea miguu haigusi chini! Hata jina tu. Upande ule ni upande upi?"

"Wenzao wote wanaangalia, Jescah."

"Wenzao hawana maiti nyumbani." Alishusha sauti, akatazama mlango. "Wewe unamficha mtoto kifo, halafu jioni unamwekea maiti kwa TV anatembea. Si ndio Winrose ameanza kutabiri? Hiyo roho imeingia hapa."

Alimpigia Phineas papo hapo, akaiweka simu mezani ikiwa kwenye spika. Phineas alisikiliza hadi mwisho, kama alivyozoea kusikiliza kesi za utoro.

"Mulamwa," alimwambia Emily, shemeji yake, "toa hiyo waya ya TV leo. Watoto hawaulizwi. Tumebakisha siku chache tu, usiache kitu kidogo kituharibie."

Emily alikuwa amekaa kwenye kochi la Wesley, begi bado begani. Alitaka kusema sawa. Siku zote kumi na mbili alikuwa amesema sawa kwa kila jambo: jeneza, siku, wimbo, ng'ombe. Lakini aibu ya ile kalamu nyekundu ilikuwa bado inamchoma. Waliokuwa na maoni juu ya kipindi kile walikuwa wengi, na yeye, mama wa watoto, hakuwahi kukitazama kwa dakika tano.

"Wacha nikione mwenyewe kwanza," alisema. "Kesho. Leo nina sare za watu. Kikiwa kibaya nitakizima."

"Wewe ndiye mama," Phineas akasema, kwa sauti ya mtu asiyekubali.

Watoto waliporudi, Emily alimwita Winrose, akamkalisha mapajani ingawa alikuwa na miaka saba na miguu ilikuwa mirefu.

"Ulisema nini shuleni kuhusu baba?"

Winrose alimtazama dada yake. Tracy alikuwa anavua soksi, hakuinua kichwa.

"Nilisema tu."

"Mtu hasemi tu, Winrose."

"Ni ile kipindi, mama," Tracy akadakia. "Alichanganya. Kuna baba fulani kwa hiyo kipindi anakujanga mlangoni." Kisha, baada ya kuitandaza soksi vizuri kwenye magoti yake: "Lakini si mbaya. Kaa na sisi kesho uione. Kesho ndio muhimu. Usiambiwe na watu tu. Ukisema haifai nitaizima mimi mwenyewe."

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Emily aliona jinsi alivyokonda shingoni, akadhani ni mtihani.

*

Alhamisi saa moja kasoro walikuwa wameshakula. Jescah aliketi kwenye kiti cha mbao, Biblia mapajani, mikono juu ya Biblia. Winrose alikaa sakafuni. Tracy alichagua kukaa pembeni mwa kochi, upande ambao mtu huiona runinga kwa taabu, ila humwona vizuri aliyekaa katikati.

Emily alikuja na nia ya kutafuta makosa, na mwanzoni aliyapata. Muziki ulikuwa wa kutisha bila sababu. Taa zilizimika na kuwaka. Fundi wa mawe aitwaye Sitati, aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne, alitokea mwisho wa kichochoro akielea juu ya matope.

"Mama, usiogope," Winrose akamwambia. "Ni kamba. Ukiangalia hapo juu ya bega utaiona."

Kweli, kamba ilionekana. Hata Jescah aliinama kidogo kuiona.

Lakini Sitati alipofika nyumbani mambo yalibadilika. Hakuja kumtisha mtu. Alikuja kama mume anayerudi kazini, akasimama mlangoni, akauliza kama mbuzi amekamuliwa. Mkewe akamjibu kwamba amekamuliwa. Bibi mzee akamweleza habari za mvua. Hakuna aliyemkaribisha ndani na hakuna aliyemfukuza. Winrose alieleza kwa haraka, akimwonea huruma mama yake kwa kuchelewa: yule baba amekufa lakini hajui. Watu wote wa nyumba wanajua. Wameogopa kumwambia, kwa sababu siku akiambiwa ataenda na hatarudi tena. Kwa hiyo kila jioni wanadanganya.

"Wanadanganya mpaka lini?" Emily aliuliza, bila kukusudia.

"Hata wao hawajui," Winrose akasema.

Kwenye runinga, mke wa Sitati aliingia jikoni, akafungua bomba la maji kwa nguvu, akalia huku maji yakigonga sinki. Hata Emily alifanya hivyo bafuni kila asubuhi. Aligeuza kichwa, akakutana na macho ya Tracy. Tracy hakuwa akitazama runinga. Alikuwa akimtazama yeye, na inaonekana alikuwa amemtazama tangu mwanzo.

Msichana wa kwenye kipindi, binti yake Sitati, alitoka nje, akasimama mbele ya babake. Muziki ulinyamaza. Alisema, "Baba, nina jambo. Wewe ulikufa Jumanne. Sisi wote tunajua. Ni mama tu alisema tusikwambie."

Uso wa yule mtu ulianza kugeuka. Emily alinyanyuka, akabonyeza kitufe, runinga ikazimika.

"Mama!" Winrose alipiga kelele. "Alikuwa anataka kumjibu!"

"Haifai watoto."

"Asifiwe Bwana," Jescah akasema.

"Ni wapi haifai?" Tracy aliuliza. Hakuuliza kwa kiburi. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kuelekezwa. "Niambie ni hapo wapi, mama."

"Yote."

"Hata hapo mwisho?"

"Tracy, nimesema haifai. Umesema nikisema haifai utazima. Basi nimezima mimi."

Alichomoa waya, akauviringisha, akampa Jescah, naye akautia mkobani. Jescah alidhani ni hasira ya haki, akampigapiga begani.

Baadaye kidogo Tracy alikuwa anaosha vyombo, mama yake akivipangusa. Walifanya kazi hadi zikabaki sufuria.

"Jumamosi mnaenda Khwisero?" Tracy aliuliza.

"Nani amekwambia?"

"Senje Jescah amepiga pasi rinda nyeusi."

"Kuna mkutano wa ukoo kwa baba mkubwa. Mambo ya shamba."

"Tunaweza kuja?"

"Una mtihani Jumatatu."

"Nitasoma Jumapili. Kesho nikitoka shule pia nitasoma." Alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata. "Winrose hatasumbua. Nitamshika mkono. Hatutaongea na mtu."

"Kule ni matope, mwanangu. Na hakutakuwa na pa kukaa. Mtabaki kwa Mama Zeituni."

Tracy aliisuuza sufuria, akamwaga maji, akaisuuza tena.

"Sawa, mama," alisema.

*

Khwisero kulikuwa na watu wengi kuliko Emily alivyotarajia. Madereva walikuja na malori mawili yaliyofungwa matawi ya miti. Hema la kijani lilikuwa limesimikwa mbele ya nyumba ya mama mkwe, na nyuma ya jikoni wanawake walikuwa wakisonga obusuma kwenye masufuria ya kuazima. Jeneza lilibaki limefungwa. Juu yake waliweka picha ya Wesley amevaa kofia, ile aliyopigwa Malaba, ambayo alikuwa akijisifia kwamba humo anafanana na mheshimiwa.

Kwenye karatasi ya ratiba ya mazishi kulikuwa na picha nyingine: Wesley amekaa kwenye nyasi, Tracy mgongoni, Winrose mapajani. Emily hakujua nani aliitoa. Kila mtu pale alikuwa ameishika, wengine wakijipepea nayo.

Mfawidhi alikuwa kijana wa kanisa asiyeijua familia vizuri. Mchungaji alipomaliza kuomba kaburini, na mjane alipokwisha kutupa mchanga wake, alisema kwa kipaza sauti, "Sasa watoto wa marehemu wasogee mbele. Tracy na Winrose, mkuje mumuage baba."

Hakuna aliyesogea. Watu waligeuza vichwa kulia na kushoto. "Tracy na Winrose," akarudia, akisoma tena ratiba. Phineas alimwendea haraka, akamnong'oneza. Kisha Phineas akanyoosha mkono kwenye kundi, akawavuta wana wawili wa Jescah, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa sita, akawasukuma mbele. Yule mdogo alichota mchanga mwingi mno, ukamwagikia viatu vyake, akamtazama mama yake aone kama atachapwa.

Nyuma ya Emily wanawake walianza.

"Kwani huyu hakuzaa?"

"Amezaa wawili. Si hao kwa picha."

"Wako wapi?"

"Wamefichwa Kakamega. Wanasema ati mtihani."

"Mtihani wa chuo kikuu?"

"Wa Gredi ya Sita."

Wa kwanza akasema, bila chuki, kama anayeuliza bei ya kitu asichokinunua, "Na mama alikubali?"

Emily hakugeuka. Mbele yake vijana walikuwa wameshashika sepetu, na udongo wa kwanza ulipogonga mbao alipepesuka, Jescah akamdaka kwapani. Watu waliokuwa karibu walisema pole, pole, jikaze. Walidhani wanajua alichokuwa akililia, na sehemu kubwa walijua.

*

Gari la kanisa lilimshusha Amalemba saa kumi na moja jioni. Jescah alikuwa amebaki Khwisero na wageni. Zeituni alikuwa amesimama nje, ushungi umemtoka nusu, wala hakuutengeneza.

"Pole, mama. Mungu amrehemu." Alimshika mikono yote miwili. "Lakini watoto wako hawajala. Nimewapa chai, nimewapa sambusa, nimemkaangia Winrose yai. Hakuna."

"Wanaumwa?"

"Hapana. Ukiondoka tu asubuhi, Tracy alimwogesha mdogo wake, akamvalisha ile rinda ya kanisani, na soksi nyeupe. Yeye pia akavaa. Wakatoka, wakakaa hapo kwa ngazi. Nikasema Tracy, vueni, mtachafua nguo. Akaniambia, labda mama atabadilisha mawazo, atume mtu akuje kutuchukua, akikuja atukute tayari." Zeituni alifuta uso kwa ncha ya ushungi. "Mpaka saa tisa, Emily. Kila gari likisimama huko barabarani wanasimama. Winrose ameanguka usingizi hapo kwangu, viatu miguuni. Mkubwa amekataa kutoka."

Tracy alikuwa kwenye ngazi ya mlango wao, rinda la samawati limebana mabegani kwa kuwa lilinunuliwa Krismasi iliyopita. Kando yake kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye sweta mbili na chupa ya maji. Aliviangalia viatu vya mama yake, vilivyokuwa vyekundu kwa udongo mpaka juu ya kifundo.

"Mmemaliza?" aliuliza.

"Tumemaliza nini?" Emily alisema. Ulimi ulikuwa umezoea, ulijibu kabla yake.

"Kumzika baba."

Emily aliketi palepale kwenye ngazi, na nguo yake nyeusi. Hakukuwa na bomba la kufungua pale, wala mlango wa kufunga. Alilia mbele ya mtoto wake kwa mara ya kwanza, na Tracy akamsubiri, mkono wake mdogo umelala mgongoni mwa mama yake, haupapasi wala haubonyezi, umelala tu.

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili. Mamake Lynette wa darasa letu aliweka picha ya baba kwa simu, na mshumaa. Lynette akanionyesha. Alidhani najua."

"Na hukuniambia."

"Nyinyi mlitaka tusijue. Nilikusikia bafuni. Nikafikiria nikisema, utaumia mara mbili." Alivuta pumzi. "Na pia nikisema, ingekuwa ni kweli."

"Winrose je?"

"Huyo ilibidi. Alikuwa anauliza kila siku baba atapiga simu lini. Sikujua naanzia wapi. Halafu hiyo kipindi ikaanza. Nikamwambia, unaona huyo baba? Wetu pia ni hivyo. Amekufa, lakini mama hajui kama tunajua, kwa hiyo usiseme. Ile ya kukuja mlangoni hakuielewa. Nilimwambia wetu hawezi kukuja. Alisema labda." Alikunja pindo la rinda. "Nilitaka uone hapo mwisho. Walikuwa wameonyesha Jumanne kwamba Alhamisi yule msichana atasema. Nilifikiria ukiona, utatuambia. Halafu tungekuja."

"Nilizima," Emily akasema.

"Ulizima."

Zeituni alitoka na Winrose begani, kichwa kimeanguka. Mtoto alifumbua jicho moja, akauliza kama gari limekuja, kisha akalala tena.

*

Tracy aliufanya mtihani siku zote tatu. Kila asubuhi alikunywa chai yote, akachonga penseli mbili, akaenda. Emily alimpigia Phineas Jumapili akitaka kumweleza, lakini Phineas akamkata kauli: "Usiseme kitu mulamwa, hiyo kazi niachie. Mimi ndiye baba yao sasa. Nitakuja Jumatano." Emily akamwachia. Hakuwa na nguvu ya kubishana, na labda pia alitaka mtu mwingine aisikie sauti ile aliyoisikia yeye kwenye ngazi.

Jumatano mchana Phineas alikuja amevaa koti, ingawa kulikuwa na joto. Jescah alikuja na mkate na soda nne. Watoto waliitwa, wakakaa kwenye kochi wakiwa wameshikana mikono. Phineas alivua kofia, akaiweka gotini.

"Watoto wangu," alianza, na ilionekana alikuwa ameyapanga maneno tangu Khwisero, "mnajua mtu akisafiri—"

"Baba mkubwa," Tracy akasema kwa heshima, "tunajua."

Phineas alimtazama Emily. Kisha akamtazama Jescah. "Mmejuaje? Ni ile sinema?"

"Si sinema, mulamwa," Emily akasema. "Walijua kabla yangu mimi kujua kama wanajua."

"Tungekuja," Tracy akasema.

"Wapi?"

"Kumzika. Mngetuita tungekuja."

Phineas alikigeuza kile kichwa cha mvi upande wa dirisha. "Mwanangu, mwili ulikuwa… Hakukuwa na kitu cha kuona."

"Hatukutaka kuona. Tulitaka tu kuwa hapo."

Hakuna aliyefungua soda. Nje Zeituni alikuwa akimfukuza kuku kwenye unga. Jescah alikuwa ameuinamisha uso, na machozi yalikuwa yakimdondokea mikononi, wala hakumtaja Mungu.

"Basi tuambie," Tracy akasema. "Ilikuwaje? Anza mwanzo, usiruke."

Na Phineas, ambaye kwa karibu wiki tatu alikuwa ameamua kila jambo, akaanza kueleza. Aliwaambia kuhusu malori yaliyofungwa matawi, madereva wakipiga honi kutoka barabara kuu mpaka nyumbani. Aliwaambia nyimbo zilizoimbwa, na nani aliimba vibaya. Aliwaambia bibi yao alisema nini alipoliona jeneza. Winrose alisikiliza mdomo wazi.

"Na mchanga?" Tracy aliuliza. "Si watoto hutupa mchanga?"

"Walitupa… watoto wa senje yenu. Kwa niaba yenu."

Winrose alifikiri. "Walikuwa wanamjua baba?"

"Walimwona," Jescah akasema taratibu. "Mara moja. Krismasi."

Phineas alifungua mdomo aendelee. Kisha akaifunika sura yake kwa kofia, mabega yakaanza kumtikisika, na koti lote pamoja nayo. Watoto hawakuwahi kumwona mtu mkubwa kiasi kile akilia, lakini hawakukimbia.

Emily alihama kiti chake, akaketi kati ya binti zake, akaichukua habari pale ilipokatikia. Aliwaambia jinsi yule mdogo alivyojimwagia mchanga kwenye viatu. Aliwaambia jinsi senje yao alivyomdaka kwapani. Aliwaambia hata yale ambayo wanawake walisema nyuma yake, kwa maana aliona wana haki ya kuyajua. Aliwaambia mvua ilivyonyesha kidogo wakati vijana wanasawazisha udongo, halafu ikaacha.

"Kichwa chake kiko upande gani?" Winrose aliuliza.

"Upande wa mfereji. Miguu inatazama nyumba ya bibi."

Tracy alichomoa penseli mfukoni mwa sare, akaigeuza ratiba ya mtihani upande usioandikwa, akachora nyumba, njia na mfereji. Kati yake akachora mstatili mdogo, akamsukumia mama yake karatasi.

"Hapa?"

"Sogeza kidogo, karibu na ua wa miti."

Akafuta kwa kidole, akachora tena.

"Hapa?"

Emily aliinama, akaangalia vizuri.

"Hapo," alisema.